Mikono Mia Mbili na Arobaini ya Kushoto

Mimi naongea. Nalisema mapema ili baadaye asitokee mtu akadai hakuonywa. Mume wangu husema siku nikifa watazika mwili kwanza, mdomo utafuata baada ya siku tatu ukishamaliza kuaga. Nimemsamehe, kwa sababu yeye mwenyewe alinioa kwa ajili ya mdomo huu huu, na mashahidi wapo.

Kazi yangu ni kukata vitambaa katika karakana inayoshona sare: za shule, za wauguzi, za walinzi, za yeyote anayetaka watu wake wafanane. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ile ile, ndiyo maana kila mtu ananiita Mama Mkasi, hata wale ambao kwa umri wangepaswa kuniita dada. Karakana yenyewe ni ukumbi mmoja mrefu. Una cherehani kumi na nne kwa safu mbili, pembe ya pasi inayotoa mvuke kutwa, na meza yangu katikati, mahali ambapo hakuna anayepita bila kunisalimia. Mwisho kabisa kuna chumba kimoja chenye mlango. Hicho ndicho ofisi ya meneja.

Lakini meneja wetu wa zamani hakuwahi kukitumia. Tulimwita Tarumbeta, na hakukasirika, alijua sababu. Chumba alikijaza mabunda ya nyuzi, yeye akashinda nasi ukumbini akipiga kelele. Asubuhi angekuambia mshono wako umepinda kama mlevi anayerudi nyumbani, mchana akakaa ubavuni mwako akakupa nusu ya chakula chake. Mwenye kelele hana neno, na Tarumbeta hakuwa na neno. Nilimpenda mwanamke yule kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa lazima niwaeleze ninavyokata, maana balaa lote lilianzia hapo. Mkono wa koti una upande wake, wa kulia si wa kushoto, kama viatu. Kwa hiyo kitambaa chenye uso na mgongo hakitandikwi ovyo. Tabaka la kwanza unalilaza chali, uso juu. La pili unalilaza kifudifudi, uso chini. Chali, kifudifudi, chali, kifudifudi, mpaka rundo likutoshe, halafu unaweka juu yake karatasi ya umbo na kukata yote kwa pamoja. Hapo kila matabaka mawili yanakupa jozi kamili. Ukisahau kugeuza, unapata mikono ya upande mmoja, na binadamu mwenye mikono miwili ya kushoto bado hajazaliwa.

Mimi siwezi kutandika kimya kimya. Nilikuwa napaza sauti, "Chali!" na ukumbi mzima, bila hata kuinua macho kwenye cherehani, unaitikia, "Kifudifudi!" Tarumbeta aliitikia kuliko wote. Mgeni akiingia saa hiyo alidhani tuna kwaya. Hakuna aliyenifundisha hivyo, ni mkono na mdomo wangu tu vilivyozoeana, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuharibu jora hata moja.

Kisha miguu ya Tarumbeta ikaanza kuvimba, daktari akamwambia akae chini, akastaafu. Tulilia siku ile mpaka mzee wa pasi akachoma kola.

Aliyekuja badala yake alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Tuendelee na kazi," alisema, akaingia kile chumba, kati ya mabunda ya nyuzi, akafunga mlango. Tukatazamana. Hotuba gani hiyo? Kwetu hata kuaga kwenda chooni huchukua maneno mengi kuliko hayo.

Kesho yake tukaanza kukuta vikaratasi. Alikuwa anakuja kabla yetu, anabandika kwa pini kwenye cherehani ya anayemhusu. "Tafadhali badilisha sindano." "Kola za jana zilikuwa safi, asante." Mtengeneza kola, ambaye tunamwita Fundi Kola na ambaye hajawahi kuchukulia jambo lolote kwa uzito, alikisoma chake mara tatu.

"Ananidhihaki huyu," alisema. "Mtu akikusifu si anakuja kukuambia?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," nikamjibu. "Tutaona."

Tukamwita Bwana Karatasi. Changu kilisema, "Mama, kazi yako ni nzuri sana." Nilikikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Sikuona haya. Nilikuwa na hasira na kijana yule kwa kosa la kutokuwa Tarumbeta, na hilo ni kosa ambalo hakuna awezaye kuliombea msamaha.

Mtu mmoja tu alinawiri. Karibu na dirisha huketi mwanamke anayeshona vitundu vya vifungo na kuunga mikono ya makoti. Tunamwita Dada Vifungo, na kwa miaka sita alikuwa hajasema maneno ya kujaza kikombe. Wakati wa Tarumbeta alikuwa mgonjwa kila wiki. Leo kichwa, kesho tumbo, na vitundu vyake nusu vilifumuliwa na kurudiwa. Alipokuja Bwana Karatasi, Dada Vifungo akapona. Alifika mapema. Alimaliza makoti arobaini kwa siku badala ya ishirini na tano, bila kufumua hata tundu moja. Yeye ndiye pekee aliyekijibu kikaratasi kwa kikaratasi, nami nikimwona anaandika, nilikuwa natikisa kichwa. Nilidhani anajipendekeza.

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, nikaingia nikakuta meza yangu haipo.

Nilisimama pale katikati nikitazama alama nne za miguu ya meza sakafuni. Halafu Fundi Kola akanionyesha kwa kidevu. Meza imeingizwa kile chumba cha mwisho. Mabunda ya nyuzi yametolewa, kuta zimefutwa, taa imewekwa mpya. Mlangoni, kikaratasi: "Mama Mkasi, chumba hiki ni chako. Hapa hakuna atakayekusumbua." Na yeye Bwana Karatasi alikuwa amehamishia kijimeza chake kule kwenye pembe ya pasi, katikati ya mvuke na kelele.

"Imekwisha," Fundi Kola alisema. "Wewe umefungwa, na yeye amekuja kutuchunga."

Nikakubaliana naye mia kwa mia. Nilijua maana ya mambo haya. Mtu mzima hafukuzwi, husogezwa. Leo chumbani, kesho stoo, keshokutwa nyumbani kwake na kadi yenye maua.

Sijui niwaeleze vipi kile chumba. Kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Hewa safi, mwanga wa kutosha, hata mahali pa kutundika mkoba. Siku ya kwanza nilitandika kitambaa nikasema, "Chali!" Ukuta haukuitikia. Nikasema tena kwa sauti ndogo, nikajiona kama mwendawazimu, nikanyamaza. Kupitia mlango nilisikia wenzangu wanacheka, na sikujua wanacheka nini. Nadhani hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kicheko kilicho nusu ukumbi mbali nami.

Maneno yasiyosemwa kazini hayapotei. Nilikuwa nayabeba mpaka nyumbani. "Zamani ulikuwa unaniletea makombo," mume wangu alisema jioni moja, "sasa unaniletea sufuria nzima, na mimi sina tumbo hilo." Lakini usiku huohuo alinitazama vizuri akaacha mzaha. "Mama watoto, umepungua."

Nilikuwa nimepungua kweli. Nilianza kuchelewa, mimi ambaye nilikuwa nafungua lango na mlinzi. Kazi za wiki zile zilikuwa aproni za kitambaa chepesi kisicho na uso wala mgongo, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, lakini niliona nakata polepole, napima mara mbili, nasahau. Dada yangu ana duka la mapazia, akaniambia niende nikae naye dukani. Nikamwambia mume wangu mwisho wa mwezi naaga. Miaka kumi na tisa, nikasema, kisha nikalia, naye akanishika mkono bila mzaha.

Hapo ndipo yakaja majaketi.

Shule moja iliagiza majaketi mia moja na ishirini, ya kijani kibichi, arobaini makubwa, arobaini ya kati, arobaini madogo. Kitambaa chake kilikuwa kinang'aa upande mmoja na upande wa pili kina manyoya. Jora lenyewe lilikuwa la mwisho kwa muuzaji. Rangi ile ikiisha imeisha, jora jingine linakuja na kijani chake. Majaketi yalitakiwa Jumatatu asubuhi, siku shule inafunguliwa.

Siku ya kwanza nilikata viwiliwili, na Fundi Kola aliingia kunivutia kitambaa upande wa pili. Nikasema chali, akasema kifudifudi, nikasahau nilipo, tukamaliza kabla ya chakula. Siku ya pili ilikuwa zamu ya mikono. Fundi Kola alikuwa na kola zake. Nikabaki peke yangu na mlango umefungwa.

Niliyatandika matabaka yote chali.

Sikujua. Nilikata kwa makini, nikafunga mafungu kwa uzi, makubwa, ya kati, madogo, nikayapeleka kwa Dada Vifungo, nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi.

Jumatano asubuhi mlango wa chumba ukafunguliwa bila hodi. Dada Vifungo aliingia, akaweka mikono miwili mezani kwangu, ubavu kwa ubavu. Akaongeza mingine miwili. Akaongeza mingine miwili. Yote ilikuwa inatazama upande mmoja, kama watu wanaosubiri basi.

"Yote?" nikauliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

Mikono mia mbili na arobaini ya kushoto. Nilikaa chini. Kisha nikasimama, kwa sababu mimi nikishikwa na aibu huwa naigeuza hasira, ni tabia yangu tangu utotoni na mama yangu alishindwa kuiondoa kwa kila njia. Nikaviringisha mkasi wangu katika kitambaa. Nikachukua mkoba.

"Naenda kumwambia," nikasema. "Amenifungia humu kama mwizi, sasa ameona matunda yake. Na akimaliza kusikia, naondoka. Sisubiri mwisho wa mwezi."

Dada Vifungo akasimama mlangoni, akaniziba njia. Mwanamke yule ana mabega kama ya ndege, ningemsogeza kwa kumpuliza. Lakini nilishangaa hata nikasimama.

"Mama," alisema. "Hiki chumba ni chake."

"Najua ni chake, ni ofisi ya—"

"Hapana, sikiliza." Sikuwahi kuambiwa sikiliza na Dada Vifungo. "Huyu kaka kelele zinamuumiza. Kule alikokaa anaweka pamba masikioni, saa nane anakunywa dawa ya kichwa. Kila siku. Nilimwandikia nikamuuliza kwa nini asirudi chumbani. Akaniandikia kwamba chumba kimoja tu kina utulivu, na utulivu apewe mkataji, kwa sababu mkataji akikosea hakuna wa kurekebisha. Alikupa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo."

Nilibaki na mkoba wangu begani kama msafiri aliyeambiwa gari limeghairiwa.

"Si angeniuliza?" nikasema.

"Angekuuliza vipi, mama? Ukumbi mzima mnamcheka akifungua mdomo." Akatazama chini, halafu akainua macho tena, na niliona imemgharimu. "Na mimi miaka sita ya Tarumbeta nilikuwa nakosea kila siku. Akipiga kelele, mikono yangu inatetemeka mpaka jioni. Nilikuwa nalia chooni. Wewe ulikuwa umbali wa hatua tano. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Hilo ndilo jibu, na halina pambo. Nilipenda kelele, nikadhani kelele ni hewa, kila mtu anaivuta.

Kabla sijapata la kusema tukasikia lango. Mwenye karakana, ambaye wote tunamwita Tajiri, huja mara moja kwa mwezi, na siku aliyoichagua mwezi ule ilikuwa hiyo. Alikuja kutazama majaketi. Ni mtu mzima, si mkali, lakini hana muda wa hadithi. Alifika kwenye meza ya Dada Vifungo, akashika mkono mmoja, akashika wa pili, akashika wa tatu. Alianza maisha kama fundi cherehani, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani amekata hii?"

Cherehani zikazimika moja moja. Nilitoka chumbani na mkoba wangu. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ni mimi.

"Ni mimi," Bwana Karatasi alisema.

Alikuwa amesimama pembe ya pasi. Pamba moja ilikuwa bado sikioni.

"Wewe unajua kukata?" Tajiri akauliza.

"Hapana. Nina maana kosa ni langu." Alikuwa ameshika kikaratasi, akakitazama. Akakitia mfukoni. "Nilimwondoa mahali pake. Mimi nikiwa na kazi ngumu nataka chumba na mlango. Nikadhani... nikadhani kila mtu anataka. Sikumuuliza. Mama huyu hakuwahi kuharibu kitambaa mpaka nilipomsaidia."

Kuna aliyecheka kidogo, bila ubaya.

"Mama amechoka," Tajiri alisema. "Miaka imekwenda. Ahamie kwenye kukunja na kufungasha, tutafute mkataji mwingine."

"Hapana," Bwana Karatasi akasema.

Neno lile lilitoka dogo sana, lakini lilifika. Tajiri akageuka.

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Kama kuna wa kwenda kukunja, nitakwenda mimi."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kile kifungo cha shingoni. Nilimtazama. Kwa wiki saba nilimchukia mtoto wa watu, naye alikuwa anaumwa kichwa kwa ajili yangu. Nikaushusha mkoba begani, nikauweka chini.

Tajiri alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Majaketi yatoke Jumatatu," alisema. "Yasipotoka, mtakwenda kukunja wote wawili, na mtakunja nguo zenu, nyumbani kwenu." Akaenda zake.

Mimi ndiye niliyeanza, na siombi radhi. "Mnasubiri nini?" nikapaza sauti. "Nitoleeni meza yangu!"

Watu wanane waliibeba. Ilipotua katikati ya ukumbi, pale pale kwenye zile alama zake, nilihisi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikamwaga mikono yote juu yake, nikaanza kuongea. Sikuwa na wazo, nilikuwa naongea tu, kwa sababu mimi sijui ninachofikiria mpaka nijisikie nikikisema.

"Mwisho wa jora kimebaki kipande cha akiba. Nikibana sana kinatoa mikono arobaini, basi. Inayotakiwa ya kulia ni mia na ishirini. Themanini naitoa wapi? Niwaambie wanafunzi waje na mikono yao?"

"Ya kushoto iliyozidi je?" mzee wa pasi akauliza.

"Nikiigeuza, manyoya yanatoka nje. Mtoto atafanana na paka."

"Kwetu tulikuwa wavulana sita," Fundi Kola akadakia, "na koti lilikuwa moja. Kaka akikua, mama analipunguza linakuja kwangu. Mimi mpaka leo sijui koti jipya linanukaje."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilichukua mkono wa jaketi kubwa, wa kushoto, nikaulaza chali. Juu yake nikaweka karatasi ya umbo ya jaketi la kati, nimeigeuza, iwe ya kulia. Ikaingia. Ikaingia yote, isipokuwa kipembe kimoja cha kwapani kilichopungua, upana wa vidole viwili.

"Tunapunguza koti la kaka!" nikapiga kelele. "Ya makubwa inatoa ya kulia ya kati, ya kati inatoa ya kulia ya madogo! Ile midogo iliyozidi tunaikata viraka vya kwapani. Makubwa yenyewe nakata upya kwa kipande cha akiba. Nani anamchungulia mwanafunzi kwapani?"

Penye wengi hapaharibiki neno. Fundi Kola anadai mpaka leo kwamba wazo lilikuwa lake, nami namwachia, ana machache.

Lakini kile kiraka cha kwapani kilitaka mkono wa malaika. Kikipinda kidogo, mkono mzima unavuta. Ni mtu mmoja tu angeweza kuvishona themanini bila kukosea, na mtu huyo alikuwa amekaa dirishani anatutazama tukipiga mayowe, mabega yamempanda mpaka masikioni. Safari hii niliona. Nikaenda kwake, nikainama, nikasema taratibu, kwa kadiri niwezavyo mimi.

"Mwanangu, chukua cherehani yako uingie kile chumba. Ufunge mlango."

Akasimamisha cherehani. Kisha akatabasamu, na nikatambua kwamba ana mwanya, miaka sita nzima sikuwa naujua.

"Na yule mwenzio mchukue," nikaongeza. "Kabla kichwa hakijampasuka."

Basi zile siku nne tulikuwa hivyo. Nje tulikata, tukaimba, tukatukanana kwa mapenzi. Ndani, Dada Vifungo alishona, na Bwana Karatasi alikaa mkabala naye na daftari lake akipanga saizi na kufunga jozi kwa uzi. Nikiingia kupeleka mafungu nilikuta vikaratasi kati yao vimelundikana, na mara moja nilimkuta Dada Vifungo anacheka peke yake kwa alichokisoma mpaka machozi yanamtoka. Sikuuliza. Nilipotandika kile kipande cha akiba nilisema, "Chali!" na ukumbi ukaitikia mpaka madirisha yakalia. Kutoka chumbani hakuna aliyeitikia, na hilo halikunikera hata kidogo.

Jumatatu saa mbili gari la shule lilikuja, likapakia majaketi mia moja na ishirini. Mwalimu aliyekuja nalo alivaa moja kubwa, akainua mikono juu, akaishusha, akasema sawa. Sote tulikuwa tunamtazama kwapani.

Gari lilipoondoka nilirudi kwenye meza yangu nikaanza kufagia mabaki. Nilikuwa bado sijamjibu dada yangu wa mapazia. Jaketi limetoka, lakini moyo wa mtu si jaketi. Nilijiuliza kama kijana yule angenirudisha chumbani wiki ijayo kwa wema wake, na kama ningeweza kuvumilia wema huo mara ya pili.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Bwana Karatasi akatoka, akaja moja kwa moja mpaka mezani kwangu. Mkononi hakuwa na kitu. Cherehani zikapunguza mwendo, kila mtu akijifanya anakagua uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akashika ukingo wa meza. Nilitaka kumsaidia, neno lilikuwa limefika kabisa kwenye meno yangu, nikalizuia. Nikamwacha afike mwenyewe.

"Naomba nikuulize kitu," alisema. "Wewe, mama... ungependa kufanya kazi vipi?"

Miaka kumi na tisa. Nimefanya kazi chini ya mameneja watatu. Tarumbeta aliyajua majina ya watoto wangu wote, alijua presha yangu ikipanda kabla mimi sijajua, angenipa figo yake. Swali hilo hakuwahi kuniuliza. Hakuwa na haja, tulikuwa sawa mimi na yeye, alichotaka yeye ndicho nilichotaka mimi, na wasiokuwa kama sisi walilia chooni. Na sasa ananiuliza mtu ambaye kila neno linamtoka kama jino.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaufunga, nikaufungua tena.

"Jamani," Fundi Kola akasema nyuma yangu, "mwiteni daktari, Mama Mkasi amekosa la kusema."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao huku nafuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nipe muda kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Nifikirie. Sijawahi kuulizwa."

Hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa pembeni ya meza yangu, katikati ya kelele zote zile, mikono juu ya magoti, akaningoja.